Babu Alikuja na Kaskazi: Kuandika Riwaya ya Mababu Wahadhrami

Miswada mingi ninayoletewa niihariri huanzia mahali pamoja: babu amesimama omo, mbele ya jahazi, kilemba kinapepea, Mombasa inamjia. Tezi na omo, marejeo ni ngamani, na huko ngamani, tumboni mwa chombo, au juu ya mizigo ndiko babu alikokuwa hasa, kabanwa na wenzake katikati ya makanda ya tende na papa mkavu. Baharia wa Australia, Alan Villiers, alisafiri na bumu la Kuwait kutoka Aden mpaka Rufiji katika msimu wa 1938 na 1939. Chombo kilipita Mukalla na Shihr, bandari za Hadhramaut kusini mwa Yemen, kikapakia Wahadhrami tele, na picha alizopiga zinaonyesha sitaha iliyosheheni watu. Ukitaka kuandika safari ya babu yako, kazitazame picha hizo kwanza, ndipo urudi kwenye kilemba.

Nawasemea zaidi wajukuu wa Wahadhrami, wale ambao pwani yetu iliwaita Washihiri, kwa kuwa ndio ninaowajua na ndio ninaowaandika. Lakini aliye na babu Mngazija au Mhindi wa Kach naye atajiona humu, maana pepo zilikuwa zilezile.

Na kwa pepo ndiko ninakoanzia riwaya. Kaskazi huvuma tangu Desemba hivi hadi Machi, nayo ndiyo iliyoleta vyombo kutoka Arabuni. Kusi hushika kuanzia Aprili na kuvirudisha, kisha bahari ya huko huchafuka, na katikati ya mwaka bandari za Hadhramaut zilikuwa kama zimefungwa. Kwa hiyo muswada unaomshusha babu Bandari ya Kale ya Mombasa mwezi wa Julai, katoka Shihr kwa jahazi, umeshapoteza msomaji yeyote aliyekulia pwani. Kama ni lazima aje Julai, mpandishe meli ya moshi Aden, na utueleze nauli kaipata wapi.

Watu hudhani hili ni jambo la usahihi tu, la kuwafurahisha wazee wa baharini. Kwangu ndilo linalounda kisa. Mtu aliyeshuka Januari alikuwa na miezi mitatu au minne kabla vyombo havijageuza tanga. Katika muda huo alipaswa kupata kazi, kulipa aliyemkopesha nauli, kununua kidogo cha kupeleka nyumbani, na kupata nafasi kwenye chombo cha kurudi. Wengi hawakuwahi. Wakasema mwaka huu umepita, nitakwenda na kusi ya mwakani. Ya mwakani nayo ikapita. Ndiyo maana sura za "babu aamua kuhama" huwa zimepoa mdomoni: wengi wao hawakuamua kuhama hata siku moja. Waliachwa na msimu, tena na tena, mpaka wakawa na watoto Kibokoni ya Mombasa au Malindi ya Unguja. Mwandishi akilielewa hilo ana sura tano za kwanza bila kubuni jambazi wala dhoruba.

Kinachofuata ni deni. Aliyempokea babu mara nyingi alikuwa mjomba au mtu wa kijijini kwao aliyetangulia, mwenye duka, na kulala nyuma ya duka hilo hakukuwa bure. Hapa ndipo fedha inapotakiwa iandikwe sawasawa. Hadhramaut walihesabu kwa riali ya Maria Theresa. Mombasa walitumia rupia mpaka 1920, zikaja florini kwa muda mfupi, halafu shilingi kuanzia 1921. Unguja waliendelea na rupia yao hadi mwisho wa 1935. Tarehe 1 Januari 1936 kila rupia ikabadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Basi mwaka 1930 ndugu wawili, mmoja Mombasa na mwingine Unguja, wanapoandikiana barua kuhusu deni la baba yao, wanataja sarafu mbili, na baba mwenyewe anawaza kwa ya tatu. Mpe mmoja wao tabia ya kuzungusha hesabu kila anapobadilisha fedha, na ugomvi wa urithi umeshaota mizizi kabla mtu hajapandisha sauti.

Kazi yenyewe ilikuwa ipi? Ukiuliza ukoo utaambiwa "mfanyabiashara". Wako waliokuwa wafanyabiashara, na wako wanazuoni ambao historia ya pwani haiandikiki bila wao: Sayyid Ahmad bin Sumayt, kadhi wa Unguja, ambaye baba yake alitoka Shibam, na mwenzake Sheikh Abdallah Bakathir wa Lamu, mwenye madrasa yake Ukutani, wote wakafariki mwaka mmoja, 1925. Lakini wengi wa Washihiri walikuwa mahamali wa bandarini, wachukuzi wa maji na wauza kahawa. Huyu wa kahawa ndiye nimpendaye. Amka naye alfajiri: anapuliza makaa ya jiko dogo chini ya dele la kahawa, tangawizi imeshapondwa, vikombe vidogo visivyo na mkono vimepangwa ndani ya ndoo ya maji. Halafu anatoka mitaani akigonganisha vikombe kiganjani, na mlio huo ndio tangazo lake, hana haja ya kupiga kelele. Anajua nani anakunywa kwa mkopo na nani hakutoka jana kwa aibu ya kudaiwa. Mwandishi hapati jasusi bora kuliko huyo, kwa kuwa kila baraza inazungumza mbele yake kana kwamba hayupo.

Kwa nini basi ukoo unamfuta? Sababu si majivuno peke yake. Kenya ya kikoloni ilikuwa na daftari lake la Mwarabu na daftari lake la "mwenyeji", na hao wawili hawakutozwa kodi kwa namna moja wala kuwakilishwa sawa katika Baraza la Kutunga Sheria. Mzee aliyesimama mbele ya karani akitoa nasaba yake alikuwa anatetea maslahi ya watoto wake. Nasaba mliyotundika sebuleni huenda iliandikwa kwa ajili ya karani huyo. Isome hivyo, na uiweke riwayani hivyo: siku ilipoandikwa, nani aliitamka, nani aliachwa nje.

Aliyeachwa nje kwa kawaida ni mwanamke, na hapa sipiti haraka. Babu wengi walikuwa na mke kule na mke huku. Mke wa kule alibaki kwa mamkwe wake akisubiri barua na fedha zilizobebwa na msafiri wa kuaminiwa. Mke wa huku, pengine Mswahili wa Mji wa Kale au mtu wa Lamu, aliishi naye miaka thelathini na jina lake halimo kwenye nasaba. Na huenda hakuolewa. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907, lakini amri ile ya 1897 iliwaacha masuria, watumwa wa kike waliowekwa kinyumba na mabwana zao. Wao hawakuguswa mpaka 1909. Mtu aliyefika Unguja mwaka 1900 alikuta suria bado ana hali hiyo kisheria. Watoto wa suria walizaliwa huru wakarithi pamoja na ndugu zao, ndiyo maana nasaba inaendelea kana kwamba hapakuwa na kitu. Mwandishi anayeruka jambo hili kwa sababu babu alikuwa mcha Mungu anaandika sifa za marehemu, si riwaya.

Habari za wanawake hawa huzipati kwa kuuliza "alikuja mwaka gani". Waulize bibi zako mambo ya jikoni: nani alimfundisha kupika nini, nani alikataa kula papa, nani aliletewa kitambaa kutoka Aden na nani akanuna. Miaka itajileta yenyewe. Mtu husema "ilikuwa bado rupia", au "kabla ya vita vya Hitler", nawe unapiga mstari.

Kuhusu mazungumzo nina msimamo mkali kidogo. Vichekesho vyetu vimetuzoesha Mwarabu wa dukani anayevunja Kiswahili, na waandishi humpa babu ulimi huohuo kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mtu huyo anapoongea na wenzake kwa Kiarabu cha kwao ni fasaha, ana mizaha, anasoma mashairi. Mwandikie Kiswahili kizuri anapokuwa nao. Anapokwenda sokoni Marikiti fupisha sentensi zake, mfanye akawie kujibu, na msomaji atauona ugeni bila kumcheka.

Mwisho wa riwaya huwatatiza wengi, nao hukimbilia mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964 kwa sababu yana moshi. Inafaa, kama babu alikuwa Unguja. Kwa wa Mombasa natazama kwingine. Wajapani walipotwaa Singapore na Java mwaka 1942, fedha ambazo Wahadhrami wa huko walikuwa wakipeleka nyumbani zilikatika, ukame ukaongezeka, na njaa ya 1943 na 1944 ikaua watu wengi Hadhramaut. Barua zilizofika Mombasa miaka hiyo ziliomba, hazikusalimu. Kusini mwa Yemen kulipopata uhuru Novemba 1967 na kutawaliwa na wasoshalisti, kwenda na kurudi kukawa kugumu, na watoto wa baba mmoja wakakua pande mbili hawajuani. Ukitaka mwisho, uko hapo.

Linabaki suala la shangazi anayesema "hilo usiliandike, mwanangu". Mimi humwuliza anachoogopa ni jina au ni jambo. Likiwa jina, nabadilisha jina, mtaa na kazi, nabakisha mwezi na sarafu. Likiwa jambo, nalihamishia nyumba ya pili, familia ya kubuni ndani ya riwaya hiyohiyo, halafu namsomea sura nzima kabla haijaenda kwa mchapishaji. Mara nyingi husahihisha mapishi.