Panga gumu bado laweza kuvunjika

Wanaoleta vyuma kwenye maabara yetu hapa Kampala huuliza kama ni vigumu. Kwanza nasi huwauliza: vigumu kwa kukwaruzwa, au kwa kubonyezwa? Hayo ni mambo mawili, na kila moja lina kipimo chake.

Mawe hupimwa kwa kukwaruzana. Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs aliyapanga madini kuanzia talki, namba 1, hadi almasi, namba 10. Lenye uwezo wa kulikwaruza jingine ndilo gumu zaidi. Mawe ya chokaa ya Tororo na marumaru ya Moroto yamejaa kalisaiti, namba 3. Apataiti ya vilima vya Sukulu ni namba 5. Mchanga wa kawaida una kwatzi, namba 7, ndiyo maana sakafu ya marumaru huharibiwa na viatu vyenye mchanga. Lakini namba hizi ni za mpangilio tu. Kutoka 9 hadi 10 pengo ni kubwa mno kuliko kutoka 8 hadi 9.

Chuma hubonyezwa. Mwaka 1900 Msweden Johan August Brinell alionyesha njia ya kukandamiza gololi ya milimita 10 kwenye chuma, kwa kawaida kwa mzigo wa kilo 3,000, kisha kupima upana wa kishimo kinachobaki. Kishimo kikiwa kidogo, chuma ni kigumu. Kipimo cha Vickers hutumia piramidi ya almasi, na cha Rockwell hupima kina cha kishimo. Mpira, kama wa matairi, ukibonyezwa hurudi ulivyokuwa, kwa hiyo kipimo chake, cha Shore, husomwa sindano ikiwa bado imeukandamiza. Basi 60 ya Shore na 60 ya Rockwell hazilinganishwi kabisa. Ukitajiwa namba, uliza na jina la kipimo.

Linalonisumbua zaidi ni watu kudhani kuwa kigumu hakivunjiki. Almasi yenyewe hupasuka kwa nyundo. Wahunzi wanaofua mapanga kwa springi za magari wakikipasha chuma hadi kiwe chekundu na kukizamisha ghafla, kinakuwa kigumu sana: ukikisugua kwa tupa, inateleza. Panga la namna hiyo likigonga jiwe huweza kukatika. Lipashwe tena, nyuzi 200 hadi 300 hivi za Selsiasi. Ugumu utapungua kidogo, nalo litastahimili pigo.