Simu kupima mkao wa kazini: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana: lazima uwe na maabara.
Zamani ndivyo ilivyokuwa: kamera za bei kubwa na vialama vinavyong'aa kubandikwa mwilini. Leo programu kama MediaPipe ya Google husoma nukta 33 za mwili, toka pua hadi vidole vya miguu, kwenye video ya simu ya kawaida.

Dhana: simu itakuambia kama kazi ni hatari.
Hii ndiyo inayoumiza watu. Kamera huona pembe, haioni uzito. Mtazame kuli akiinua mfuko wa saruji wa kilo 50 kutoka chini: mgongo umepita nyuzi 60, magoti yamenyooka. Mpe boksi tupu ainame vilevile, simu italeta pembe zilezile. Ilhali kanuni ya kuinua mizigo ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, iliyorekebishwa 1991, inaanzia kikomo cha kilo 23, tena katika hali nzuri kabisa: mzigo karibu na mwili, bila kujipinda. Hali ikiwa mbaya zaidi, kikomo hicho hupunguzwa. Mfuko ule umeshazidi maradufu kabla hata hujautazama mgongo.

Fomu ya RULA ya kupimia hatari ya mkao wa mikono, shingo na mgongo, waliyoitoa watafiti McAtamney na Corlett 1993, nayo inataka uzito wa mzigo na kama kazi inajirudia. Kwa hiyo nenda na mizani na saa, kisha muulize mfanyakazi anaumia wapi. Jibu lake halimo kwenye video.

Dhana: piga video kutoka popote.
Kamera moja hukisia umbali. Ukirekodi kwa mbele, mgongo ulioinama unaweza kusomeka kana kwamba umenyooka. Simama ubavuni, simu iwe kwenye stendi, mwili mzima uonekane. Mkono uliofichwa na kiwiliwili programu huweza kuuchora kwa kubahatisha, na dera au koti pana huficha nyonga na magoti. Kuona kujipinda kunataka kamera ya upande wa pili. OpenCap, programu ya kupima miondoko ya Chuo Kikuu cha Stanford, ilijengwa kwa simu mbili au zaidi.

Dhana: ni kwa usalama wao, ruhusa ya nini?
Mwili wa mtu ni taarifa zake. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019, Tanzania ya taarifa binafsi ya 2022. Mweleze mfanyakazi unachopima, awe huru kukataa, na video hiyo isije ikatumika kumhesabia kasi. Ukishapata pembe unazohitaji, ifute.