Upimaji wa jiofizikia kwenye ngome za kale: maana yake

Upimaji wa jiofizikia ni kutafuta kilichofukiwa bila kuchimba. Kifaa hakioni ukuta wala handaki; kinapima jinsi udongo wa hapa unavyotofautiana na wa pale, kwa usumaku au kwa kupitisha umeme. Pasipo tofauti, ramani hutoka tupu hata kama umesimama juu ya ngome.

Kwenye ngome za kaskazini mwa Uganda kama Patiko, kaskazini mwa Gulu, alikojenga mpelelezi Mwingereza Samuel Baker mwaka 1872, au Dufile ya gavana Emin Pasha kando ya Nile, cha kutafuta kwanza ni handaki lililoizunguka ngome. Likijaa, udongo wake huwa laini na hushika maji kuliko ulio pembeni.

Eneo hugawanywa kwa kamba katika miraba ya mita 20 kwa 20. Kupima ukinzani wa umeme, yaani jinsi udongo unavyouzuia umeme kupita, fremu yenye vyuma viwili vilivyoachana nusu mita huchomekwa kila baada ya mita moja, vipimo 400 kwa mraba. Vyuma vingine viwili hukaa mbali, mita 15 au zaidi. Hapo unasoma chini hadi karibu mita moja tu. Sakafu ya handaki lenye kina kirefu huipati. Penye unyevu namba hushuka, penye mawe hupanda.

Msimu ndio unaoharibu kazi. Februari ardhi ya Acholi, eneo la Gulu, ni ngumu kama tofali, chuma hakigusi vizuri na namba zinarukaruka. Agosti kila kitu kimelowa. Afadhali mara mvua zinapokatika, juu pameanza kukauka na handaki bado lina unyevu.

Magnetometa, kifaa cha kupima usumaku, ni ya haraka: unatembea nayo tu, ukiwa umevua mkanda na kuacha funguo na simu. Inafaa kwa majiko, tofali za kuchoma na taka za mhunzi. Lakini mifano ya vitabu vya Ulaya itakupotosha. Uganda iko karibu na ikweta ya sumaku, ambako uga wa sumaku wa dunia umelala karibu usawa wa ardhi. Handaki linaloelekea kaskazini-kusini huenda lisionekane kabisa, huku lile la mashariki-magharibi, la ngome hiyohiyo, likijitokeza wazi. Anayeona pande mbili tu asiseme ngome ilikuwa na pande mbili. Radi nayo ikipiga ardhi huacha alama yenye miali kama nyota, na wageni huidhania tanuri. Sitaji vifuniko vya soda, ambavyo navyo ni chuma.

Rada ya ardhini, inayotuma mawimbi ya redio udongoni, ni nzuri kwenye mchanga mkavu. Udongo wa mfinyanzi wa ukingoni mwa mto huyameza mawimbi hayo.

Vigingi viwe vya mbao, na pembe za miraba zipimwe kwa kifaa cha wapima ardhi. GPS ya simu hukosea mita kadhaa, na mtaro wa majaribio wenye upana wa mita moja utachimbwa kando ya kilichoonekana.