Drifti ya pedi ya gemu ni nini hasa?

Umewasha gemu, pedi iko mezani haijaguswa na mtu, halafu unaona beki wako anatembea mwenyewe taratibu kuelekea kushoto. Hiyo ndo drifti. Yaani stiki ya analogi, kile kijiti unachosukuma kwa kidole gumba, inaiambia mashine kuna mtu ananisukuma, wakati hakuna.

Ukitaka kuelewa inatoka wapi fungua pedi. Chini ya stiki kuna kiboksi kidogo na ubavuni kina viplastiki viwili, mara nyingi vya kijani, kimoja kinasoma kushoto na kulia, kingine juu na chini, hizo ndo potenshiomita. Ndani kuna njia nyeusi ya kaboni na kakidole ka chuma kanateleza juu yake, ukisukuma stiki kidole kinasogea, volti zinabadilika, mashine inajua umeelekea wapi. Sasa chuma kikisugua kaboni kila siku miezi na miezi, kaboni inalika, hasa pale katikati stiki inaporudi kila ukiiachia, na unga wake unabaki humo humo. Ya kwangu nilipoifungua niliukuta mchirizi kabisa, kama ukucha umepita. Ndo maana ukisafisha kwa spiriti inaweza ikatulia kwa muda alafu inarudi tena, vumbi linatoka ila kaboni iliyolika ndo imeenda.

Pedi za zamani za mishale tu kama ya NES, mashine ya zamani ya Nintendo, hazikuwa na shida hii, kitufe kinajua mambo mawili, nimebonyezwa au sijabonyezwa. Stiki ya Nintendo 64, mwaka 1996, ilisoma kwa mwanga, ugonjwa wake ulikuwa kulegea. DualShock, pedi ya PlayStation, ikaja 1997 na stiki mbili, na mpaka DualSense ya PlayStation 5, ya 2020, bado ni kaboni.

Kinachoniuma ni kwamba dawa ilikuwepo kitambo. Pedi ya Dreamcast, mashine ya Sega ya 1998, ilitumia sumaku: stiki inasogeza sumaku, sensa ya Hall, inayohisi sumaku, inapima, sumaku na sensa havisuguani. Siku hizi pedi za hivyo zimejaa tena sokoni na fundi mzuri anaweza kukubadilishia stiki tu, ingawa kuchomoa risasi ya kulehemu kwenye zile pini zote ni kazi ya utulivu sana.

Kama huna hela ya fundi sasa hivi, ingia kwenye setingi za gemu uongeze dedizoni, ile sehemu ya katikati ambayo gemu haiisikilizi. Usizidishe, maana mchezaji ataacha kutembea polepole, atasimama tu au atakimbia.