Siti saba za Prado si siti saba za Noah

"Tuko saba nyumbani, nitafutie Vanguard." Ukibadilisha jina la gari ukaweka X-Trail, Outlander au gari jingine la juu, hivyo ndivyo yanavyoanza mazungumzo yangu na watu wengi wanaoagiza magari Japani. Nikitaja minivan, yaani Noah, Voxy au Stepwgn, nyuso zinabadilika. Baba anasema hawezi kwenda kazini na gari la abiria. Mama ananiuliza kama nimesikia kwamba wanataka nafasi. Nimesikia, mama. Ndiyo maana nimetaja Noah.

"Gari la juu ndilo lenye nafasi"

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote. Watu hulipima gari kwa macho wakiwa wamesimama nje: boneti ndefu, tairi kubwa, bodi imenyanyuka, basi ndani lazima kuwe kukubwa. Chukua futi upime. Prado ya toleo la 150, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2009, ina milimita 2,790 kutoka katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya tairi la nyuma. Noah ya ZRR80, ile ya mwaka 2014, ina 2,850. Yaani Noah ya kawaida, yenye upana wa milimita 1,695 na inayopenya kwenye vichochoro vya Sinza, imeizidi kwa sentimita sita Prado yenye upana wa 1,885. X-Trail ya T32 ina 2,705. Vanguard ndiyo kabisa, ina 2,660. Na hapo hatujagusa boneti, ambayo kwenye magari ya juu inakula urefu ambao Noah imewaachia abiria.

Kimo nacho kinadanganya. Chini ya Prado kuna chasi ya chuma, propela, difu la nyuma na tanki la mafuta, na sakafu lazima ipite juu ya vitu vyote hivyo. Ukiitazama kwa nje unaona gari refu, lakini sehemu ya urefu huo ni uwazi kati ya gari na barabara, na uwazi huo haukaliwi na mtu. Noah nyingi zinavutwa na tairi za mbele, kwa hiyo watengenezaji wameweza kuilaza sakafu chini na kuifanya bapa. ZRR80 isiyo ya 4WD unaingia kwa kupanda milimita 360 tu kutoka ardhini, na ndani, kutoka sakafuni hadi kwenye paa, kuna 1,400. Mtoto wa darasa la tatu anasimama wima akavaa sweta lake.

Sasa tuje kwenye starehe. Wateja hubonyeza sponji kwa kidole, wakaridhika. Sponji si mwanzo wa starehe ya siti. Mwanzo ni umbali kati ya mto wa siti na sakafu. Kwenye safu ya tatu ya gari la juu, sakafu imepanda na paa halisogei, kwa hiyo mtengenezaji analazimika kuushusha mto wa siti. Matokeo yake mtu mzima anakaa kama anayekuna nazi kwenye mbuzi: magoti kifuani, mapaja hayagusi siti, uzito wote umeangukia makalio na mfupa wa chini wa mgongo. Safari ya Moshi atavumilia mpaka Chalinze. Baada ya hapo ataanza kuuliza mnasimama wapi kula.

Halafu siti hizo zinakunjwa na kulala sakafuni ili upate buti, kwa hiyo haziwezi kuwa nene. Za Noah zinanyanyuliwa na kufungwa ubavuni, karibu na madirisha, na kwa sababu hazilazimiki kuzama sakafuni, zimebaki siti za kweli. Kuingia pia ni habari nyingine. Kwenye Prado unakunja siti ya safu ya pili, unakanyaga juu, unajipenyeza. Kwenye Noah mlango unasukumwa pembeni na bibi anaingia mwenyewe, bila kushikwa kiuno na wajukuu.

Kuhusu picha za kwenye mtandao, naomba tuelewane. Muuzaji akitaka safu ya tatu ionekane pana, anaisogeza safu ya pili mbele mpaka mwisho, ndipo anapiga picha. Wewe nenda yadi. Rekebisha siti ya dereva kwa miguu yako, kisha hamia nyuma yake urekebishe safu ya pili mpaka magoti yako yapumue, kisha usiguse kitu tena, nenda ukakae nyuma kabisa. Kaa dakika kumi. Atakayesafiri nyuma kabisa akiwa ni shemeji mwenye futi sita, basi shemeji ndiye aje kujaribu. Watu wanatoa mamilioni wakiwa wamejaribu siti moja tu, ya dereva.

"Noah inabana, nimeshaipanda"

Uliipanda Arusha kwenda Namanga, wanne kwenye siti ya watatu, na gunia miguuni. Hiyo ni tabia ya kondakta.

"Siti nane ni bora kuliko saba"

Kama hamfiki wanane, chukua ya saba. Safu ya pili inakuwa na siti mbili zinazojitegemea na njia katikati, mtoto anakwenda nyuma bila kumwamsha mtu. Kwenye ya siti nane, anayekaa katikati anabanwa mabega pande zote mbili.

"Minivan inabeba watu wote na mizigo yote"

Hapa nawageukia mashabiki wa Noah. Siti zote zikiwa na watu, buti linalobaki ni jembamba. Mabegi mawili matatu yaliyosimamishwa, yamekwisha. Hata Alphard, pamoja na ukubwa wake, ukizirudisha siti za nyuma ili miguu ipate nafasi, buti linapotea. Mkiwa watano au sita, nyanyua upande mmoja wa safu ya tatu upakie hapo. Mkiwa saba na mnakwenda Krismasi kijijini, fungeni karia juu.

"Siti za ngozi ndizo za starehe"

Za starehe mwezi wa saba Iringa, labda. Gari likishinda juani Dar es Salaam, ngozi inaunguza mapaja. Kitambaa kinapitisha hewa. Na ukienda kwa fundi kushonea kava, angalia kwanza ubavu wa siti za mbele. Ukiona maandishi ya SRS AIRBAG, huo ubavu usifunikwe kwa kava zito lililoshonwa kuzunguka, kwa sababu mfuko wa hewa unatokea hapo hapo.

"Nitanunua Noah, niipandishe"

Unaweza, mafundi wa spesa, vile vipande vya kulinyanyua gari, wako kila mahali. Lakini starehe uliyoilipia unaipunguza: gari linayumba zaidi kwenye kona, na spesa zikizidi unene, shokapu zinagonga mwisho kila ukitoka kwenye tuta. Shafti za mbele nazo zinakaa kwa pembe ambayo hazikutengenezewa. Kama njia ya kwenu ina makorongo na masika hupitiki, usijisumbue na spesa. Nunua hiyo Prado, ndiyo kazi yake. Ila bibi akae safu ya pili, upande wa mlango, na nyuma kabisa wakae wale ambao bado wako shule ya msingi.