Homa ya maziwa kwa mbuzi aliyetoka kuzaa

Homa ya maziwa ni hali ya kalsiamu kushuka ghafla kwenye damu ya mbuzi, mara nyingi ndani ya wiki chache za kwanza baada ya kuzaa, ingawa kwa mbuzi huweza kuanza hata kabla hajazaa. Huwapata zaidi majike wanaotoa maziwa mengi, yaani wale wale ambao mfugaji anawategemea. Ndiyo maana anayefuga Toggenburg kule Meru, Alpine kule Nyeri au mbuzi wa Kinorwe huko Mgeta, Morogoro, anahitaji kuijua kuliko mwenye mbuzi wa kienyeji, ambaye maziwa yake hayazidi sana mahitaji ya mtoto.

Tuangalie hesabu yenyewe. Lita moja ya maziwa ya mbuzi ina zaidi ya gramu moja ya kalsiamu. Damu yote ya mbuzi wa kilo 50 haina hata nusu gramu. Kila ukikamua, basi, unachukua mara kadhaa ya kile kilichomo kwenye damu kwa wakati mmoja, na pengo hilo lazima lizibwe mfululizo kutoka kwenye malisho na kwenye mifupa.

Mifupani kalsiamu ipo tele. Karibu asilimia 99 ya kalsiamu ya mwilini imehifadhiwa huko. Shida ni kuitoa. Tezi ndogo za shingoni hutoa homoni inayoamuru mifupa iachie kalsiamu, na vitamini D husaidia utumbo kuifyonza. Mbuzi aliyelishwa lusina nyingi (malisho ya jamii ya kunde yenye kalsiamu nyingi) na chokaa ya mifugo wiki za mwisho za mimba huwa na kalsiamu ya kutosha bila jasho, tezi zikazembea. Akizaa, mtunza ghala bado amelala na funguo ziko mfukoni mwake.

Misuli haifanyi kazi bila kalsiamu, na dalili zote zinatokana na hapo. Mbuzi anasusa chakula, anayumba, masikio yanakuwa baridi, misuli inatetemeka. Hacheui, tumbo linajaa gesi, kinyesi kinakuwa haba. Kizazi nacho kinalegea, kondo la nyuma linaweza kubaki. Baadaye analala asiweze kuinuka, shingo ameikunja kuelekea ubavuni, na bila tiba anaweza kufa baada ya saa chache.

Pima joto. Licha ya jina la ugonjwa, kipimajoto husoma kawaida (takriban nyuzi 38.5 hadi 39.5) au chini yake. Kikipita 40, kagua kiwele na kizazi kwanza, maana huenda ni maambukizi. Jike mwenye mimba ya mapacha aliyelala kabla ya kuzaa anaweza kuwa na upungufu wa nguvu mwilini badala ya haya, au yote mawili kwa pamoja.

Tiba ni sindano ya kalsiamu borogluconeti, na hapa mwite daktari wa mifugo. Ikipigwa kwenye mshipa huingizwa polepole huku moyo ukisikilizwa. Haraka inaweza kuusimamisha. Chini ya ngozi, dawa hupashwa hadi joto la mwili na kugawanywa sehemu kadhaa. Wakati unamsubiri daktari, mweke mbuzi akalie kifua, umwegemeze kwa magunia ya nyasi ili asilale ubavu. Usimnyweshe chochote: asiyeweza kumeza vizuri, kitaishia mapafuni. Dawa ikishika, anacheua, anakojoa, anajaribu kusimama. Anaweza kurudi kulala kesho yake, kwa hiyo aendelee kuangaliwa.

Kinga ndiyo inayowashangaza wengi: mzigo mkubwa wa chokaa usiwe wiki za mwisho za mimba. Wakati huo punguza lusina, ongeza nyasi kavu na matete, jiwe la madini liwepo. Lusina na madini yenye kalsiamu virudi kwa wingi anapozaa, na siku mbili tatu za kwanza usikamue maziwa yote yaliyomo kiweleni.