Masika yameanza: ndege watazameni, msiwaite

Mvua za masika zikianza, simu za ofisi yetu nazo huanza. Mwaka huu malalamishi yamekuja mapema, na karibu yote yanahusu saa mbili za kwanza za asubuhi katika misitu na bustani za jiji: Karura, Arboretum, City Park, Ngong Road. Watu wa Nairobi wamependa ndege. Hilo ni jema, na hakuna anayetaka kumfukuza mtu. Ila kumtazama ndege ni jambo moja, na kumsumbua mpaka akutazame wewe ni jingine.

Wageni huniuliza kila Machi majira ya kuchipua ya Nairobi huanza lini. Hayapo. Yanayotuhusu ni ya Ulaya na Asia, maana ndege waliokuja kwetu kukimbia baridi huondoka kwenda kuyawahi. Simama mahali peupe alfajiri ya Aprili: utasikia keremkerem wakipita juu sana, sauti zao zikikufikia kabla hujawaona. Vichakani kuna kijidege cha kijani-manjano cha gramu 10 hivi, hakitulii tawi moja, kinakula wadudu kwa pupa. Kinajinenepesha kwa safari ambayo huenda ikaishia Skandinavia. Juu ya kichwa chake kwera wetu wanasuka viota, na kekeo, yule wanayemwita ndege wa mvua, anarudia noti zake tatu mpaka zikuchoshe. Mmoja anafunga safari, mwingine analea. Hakuna kati yao mwenye muda wa kupigwa picha.

Sasa suala la saa, ambalo naona bado halijaeleweka. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016, kifungu cha 64, inakataza mtu kuwa ndani ya msitu wa umma kati ya saa moja usiku na saa kumi na mbili asubuhi bila kibali, isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa humo, kama vile kutumia barabara au njia inayotambulika. Kifungu hicho hicho ndicho kinachokataza kukata au kung'oa mimea, kurina asali na kuvuta sigara palipopigwa marufuku. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi 100,000, au kifungo kisichopungua miezi sita, au vyote viwili. "Isiyopungua" maana yake hakimu hashuki chini ya hapo, hata umwonyeshe darubini yako na daftari la ndege 200 uliowahesabu. Na hasara yenyewe ni ipi? Jua la Nairobi huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu. Ukiingia lango linapofunguliwa bado unamkuta kurumbiza akiimba gizani.

Chupa ya maji ya plastiki iache nyumbani. Tangu 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika maeneo ya hifadhi, misitu ikiwemo. Bawabu anayekuzuia hajakuonea.

Linalonikera zaidi ni simu. Mtu anasimama chini ya mti, anacheza sauti ya shorobo kwa spika, shorobo anatokea na mabawa yake mekundu, picha inapatikana, furaha. Hajui kilichotokea juu. Ndege amesikia mgeni ndani ya mipaka yake, ameacha kula au ameacha kiota, amekuja kupigana na asiyekuwepo. Ukiondoka, anakuja mwenzako na spika yake. Kwenye njia zinazopendwa ndege huyo anaweza kuitwa mara kadhaa kabla ya saa tatu, na ni msimu wa kuzaa.

Hondohondo ni mfano mzuri, kwa kuwa wengi wanampenda kwa ukubwa wake na kwa kishindo cha mabawa. Jike hujifungia ndani ya pango la mti, mlango ukazibwa kwa udongo, ukabaki ufa mwembamba tu. Kwa wiki nyingi yeye na watoto hutegemea dume, anayekuja na matunda ya mkuyu kooni, akiyatoa moja moja na kuyapitisha ufani. Dume akikuta watu wanane na kamera chini ya mti, hukaa mbali akisubiri. Ninyi mnasema "leo hayupo". Yupo. Anawangoja muondoke.

Kuhusu kima wa City Park nitasema kwa ufupi kwa sababu nimeshachoka kusema. Msiwape njugu, ndizi wala mkate. Kima aliyezoea mkono wa mtu huanza kunyang'anya, na wa kwanza kunyang'anywa ni mtoto. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Na yule aliyetupigia akitaka bundi aondolewe karibu na dirisha lake kwa kuwa "ameleta msiba": bundi amefuata panya.

Lipo la makinda. Msimu huu utakuta kinda chini, mkia mfupi kama kidole gumba, anarukaruka hawezi kuruka. Hajatupwa. Amekwisha toka kiotani na wazazi wanamlisha hapo hapo chini. Kama yuko njiani, msogeze kichakani hatua chache, uondoke. Imani kwamba mama humkataa akinusa mkono wa mtu haina msingi. Kumbeba nyumbani ni jambo jingine kabisa: Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inahesabu mnyama wa mwituni, hai au mfu, pamoja na manyoya yake, kuwa nyara, na kifungu cha 95 kinaweka faini isiyopungua shilingi milioni moja au kifungo kisichopungua miaka mitano kwa anayezimiliki bila kibali. Kasuku wa shangazi kule kibarazani anaingia humo. Nia njema unaweza kuieleza mahakamani. Sisi hatuwezi kukuahidi itapokelewaje.

Aprili iliyopita mama mmoja alituletea kinda ndani ya boksi la viatu, amelitoboa matundu kwa kalamu. Alikuwa amesikia habari ya milioni moja na mikono ilikuwa ikimtetemeka. "Afisa, mimi nilimwokoa tu na paka." Utaratibu unataka tujaze fomu: mahali, saa, hali ya mnyama, jina la aliyemleta, sahihi mbili. Nikamwambia, mama, hebu tupeleke kwanza ulipomtoa. Tukaliweka boksi chini ya ua wa michongoma, tukamtoa ndani, tukarudi nyuma hadi kwenye gari. Dakika kumi hivi kurumbiza akashuka na kiwavi mdomoni, akaangalia kushoto na kulia, akaingia uani. Mama alinishika mkono. Fomu ilikuwa bado kwapani, haina hata tarehe.